Kabati Lililokuja Kwenye Boksi

Jumamosi, 6 Juni

Binti amehama leo. Hakuhama kwa kuolewa, amehama kwa kazi. Amepata nafasi ya maabara kwenye hospitali iliyo upande wa pili wa mji, na amepanga chumba karibu nayo asichelewe zamu. Nimesema ni jambo jema. Nimelisema mara nyingi, mpaka mke wangu akaniuliza ninamshawishi nani.

Mimi nilishapanga kila kitu. Binti angeondoka na kabati letu kubwa la mbao ngumu, tulilopewa na baba mkwe tulipooana. Milango miwili, kioo ndani, na droo ya chini inayotaka watu wawili kuivuta. Halijawahi kulegea hata siku moja. Nilikuwa mtunza ghala mpaka nilipostaafu. Viti, meza na makabati ya kila namna yamepita mikononi mwangu, na kazi yangu ilikuwa kujua kipi kitadumu na kipi kitarudi kwa mlango wa nyuma kabla ya mwaka kwisha. Kitu kizito hudumu. Kitu chepesi huaga mapema. Katika hilo sibahatishi.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ameshanunua kabati. Nikamuuliza liko wapi. Akanionyesha boksi lililoegemezwa ukutani, jembamba kama godoro la mtoto. Nikauliza kama ile ni picha ya kabati au kabati lenyewe. Akacheka, akasema ni lenyewe, unaliunganisha tu.

Nimeligonga boksi kwa kifundo cha kidole. Likatoa sauti ya trei ya mayai. Ni mbao za unga tu: maranda na gundi, na juu yake karatasi iliyochorwa mistari ili tudhani ni mti.

Sikubishana. Nimejitolea kwenda kumuunganishia kesho. Binti alifurahi sana. Mke wangu alinitazama kwa muda, halafu akaendelea kukunja shuka.

Jumapili, 7 Juni

Ninaandika mpango hapa kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kumwambia.

Kabati hili litaanguka lenyewe, hilo halina mjadala. Litaanguka baada ya miezi kadhaa, Binti akiwa ameshalizoea, na kabati la babu yake litakuwa limeendelea kukaa bure kwetu. Basi nimeharakisha tu. Nimekaza bolti za mbele kwa moyo wote. Za nyuma nimezitia mfukoni. Nimekadiria kuwa litasimama siku chache, kisha litaanza kuyumba, mlango utagoma kufunga, na Binti atapiga simu. Hapo nitafika na kabati la kweli, bila kumlaumu, kama mtu mwema.

Kazi yenyewe ilikuwa na vituko vyake. Karatasi ya maelekezo haina hata neno moja, ni michoro tu. Mkono usio na mwenyewe unashika spana iliyopinda. Mshale unaonyesha juu. Mchoro mwingine umekatwa kwa msalaba, maana yake usifanye hivi, na ndivyo nilivyokuwa nikifanya.

Bolti zililia mfukoni kila nilipoinama. Binti aliuliza ni nini. Nikasema ni chenji. Baadaye akaziona zikichungulia, nikasema viwanda huweka za ziada siku hizi. Aliniamini. Alikuwa akifuta dirisha huku akinieleza kuhusu hadubini za kazini kwake, jinsi tone moja la damu linavyoweza kuonekana kama soko siku ya mnada.

Tulipomaliza akarudi nyuma hatua kidogo, akalitazama. Akasema, “Baba, limependeza.” Tulikunywa chai juu ya boksi tupu, maana meza bado hana.

Sikujisikia vizuri njiani. Lakini mtu mwenye mpango hajisikii vizuri siku ya kwanza.

Jumatatu, 8 Juni

Nimenyolewa. Kinyozi wa chini ya nyumba yetu ni mtu wa maboksi, tena wa hadharani. Rafu za chupa, kabati la droo, benchi la wateja, vyote vimetoka kwenye boksi na vyote kaviunganisha yeye. Tumebishana kuhusu jambo hili tangu alipofungua duka. Leo alikuwa ameshasikia habari za Binti, sijui kutoka kwa nani. Akanipongeza. Akasema vitu vyake vimehama naye duka hadi duka, anavifungua anavifunga.

“Mzee, hivi vinataka heshima tu. Usivikokote, usivimwagie maji, ukisikia vinalia kaza tena.”

Nikamwambia heshima ni kitu cha kupewa wazee, si vumbi la mbao. Akakaa juu ya kabati lake la droo, mwili mzima, kunionyesha. Nilitafuta ufa. Hakuna.

Alipotoka kuchota maji nililaza kiwiko kwenye rafu nikaiegemea kwa uzito wangu wote. Kwa ajili ya utafiti. Rafu haikusogea. Chupa ya mafuta ya nywele ndiyo iliyosogea, ikanimwagikia begani. Nimerudi nyumbani nikinukia kama bwana harusi.

Kilichoniudhi si rafu. Ni vile Kinyozi asivyokuwa na wasiwasi. Nilimuuliza watoto wake watarithi nini kwake, benchi la maranda? Akasema aliwahi kuwauliza. Walimjibu kuwa vitu vyake hawavihitaji, wanachotaka ni apige simu kabla ya kwenda kwao.

Nilikuwa na jibu la hilo. Nimelisahau nikipanda ngazi.

Jumatano, 10 Juni

Hakuna simu. Nimepiga mimi.

Nilimuuliza Binti kama anasikia chochote. Akauliza kama nini. Nikasema sauti yoyote, mlio, kitu kuyumba. Akasema kila kitu ni shwari na kwamba amepanga chumba upya. Kitanda amekisogeza mpaka kwenye kabati ili apate njia ya dirishani. Na lile sanduku lake la vitabu vya chuo, kwa kuwa hana pa kuliweka, amelipandisha juu ya kabati.

Nikauliza analaza kichwa upande gani. Akasema upande wa kabati, kwa nini?

Nikasema nilikuwa nauliza tu.

Sikula mchana. Niliwahi kuona rafu ikianguka ghalani. Haianguki kama mtu anavyofikiri. Haikupi onyo. Inasimama, inasimama, kisha inakuwa chini. Siku ile hapakuwa na mtu karibu.

Nilikuwa nimefikiria kila kitu katika mpango huu: lini litayumba, nitafika na gari gani, nitavaa sura gani. Sikufikiria kwamba kuna mtu atalala pale.

Mke wangu ameuliza mara mbili nina nini. Nimesema tumbo.

Alhamisi, 11 Juni

Nimekwenda Binti akiwa kazini. Ufunguo wa akiba anao mwenye nyumba wake, mama mmoja mpana wa sauti, na hanifahamu. Jiweke mahali pake. Mzee asiyemjua yuko mlangoni, ana bisibisi mkononi na mfuko umejaa vyuma, anaomba kufunguliwa chumba cha msichana ambaye hayupo. Nilimwambia mimi ni baba mzazi. Akasema kila mtu ni baba wa mtu. Mwisho alikubali, ila aliweka kigoda mlangoni na kukaa, aone nitakachofanya.

Aliuliza kabati lililofungwa Jumapili linatengenezwaje Alhamisi. Nikasema huu ni ukaguzi.

Sanduku la vitabu nililiteremsha kwanza. Kisha nikagundua kuwa bolti za nyuma haziingii mpaka ulegeze za mbele, na za mbele hazilegei mpaka utoe rafu. Basi nimelifungua kabati lote. Nguo zote kitandani, mbao zote sakafuni, na mwenye nyumba akinielekeza, kwa kuwa sasa karatasi ya michoro alikuwa ameishika yeye.

Safari hii nimefuata kila mshale. Na niandike ukweli maana hapa nipo peke yangu: matundu yanakutana. Kila bolti inafika mahali inapongojewa. Nimewahi kupokea makabati ya mbao nzito ambayo upande mmoja haukuwahi kuusikia upande wa pili. Hili la unga wa mbao limepimwa na mtu aliyekuwa akifikiria. Alifikiria hata mjinga. Kile kichoro cha msalaba kilichorwa kwa ajili yangu.

Mchoro wa mwisho unaonyesha mkanda mdogo wa chuma wa kulifunga kabati ukutani. Jumapili niliuruka. Leo nimeufunga. Mwenye nyumba aliruhusu nitoboe ukuta kwa masharti ambayo sitayaandika yote. Kisha nikalisukuma kabati kwa bega. Halikutikisika. Mwenye nyumba akasimama, akalisukuma na yeye bila kuombwa. Akarudi kwenye kigoda chake ameridhika.

Nimekunja nguo za Binti, nikazipanga, nikaweka sanduku la vitabu chini ya kitanda. Nimerudi nyumbani nikala vizuri. Mambo yamekwisha, hakuna atakayejua.

Ijumaa, 12 Juni

Mwenye nyumba amemweleza yote.

Binti alipiga simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya chini. Aliniuliza bolti zilizokuwa mfukoni mwangu Jumapili zilikuwa za ziada au hazikuwa. Nilianza kueleza kuhusu viwanda. Akanikatiza.

“Baba, ulitaka lianguke?”

Nikasema hapana. Nilitaka liyumbe. Kuyumba tu.

Akasema anaingia kazini, atanipigia.

Hajapiga. Mke wangu alikuwa jikoni, mlango wazi, akasikia upande wangu wa mazungumzo, na upande wangu ulitosha. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: kama mtu mwingine angemfungia mwanao kabati hivyo, ungemfanya nini. Akaenda kuanika nguo.

Nimekaa sebuleni mchana kutwa. Nimemwandalia hotuba mtu huyo mwingine. Ilikuwa kali sana.

Jumamosi, 13 Juni

Nimeamka na suluhisho. Msamaha hauombwi kwa maneno, unaombwa kwa kitu. Nitampelekea Binti kabati kubwa leo leo, bila kumwambia, na yote yatasahaulika.

Nilimwomba Kinyozi msaada. Niliumia kumwomba, lakini ana mabega. Akaja na wateja wake wawili, mmoja akiwa amenyolewa nusu. Mke wangu alikuwa chumbani akitoa nguo zetu ndani ya kabati, akiuliza kama nina hakika. Nikasema ninajua kuhamisha vitu, ndiyo kazi iliyonilisha.

Tukaliinua. Tukalilaza ubavu. Tukaliingiza mlangoni mwa chumba mpaka nusu. Hapo likagoma. Tulisukuma, halikwenda. Tulivuta, halikurudi. Mke wangu akabaki chumbani na sisi nje, kabati likiwa katikati kama kizibo.

Kinyozi akasema tuondoe fremu ya mlango. Aliyenyolewa nusu akasema anachelewa. Mimi nikasema lilipita likiingia, litapita likitoka. Niliisema kwa sauti.

Sauti ya mke wangu ikatoka juu ya kabati, taratibu kabisa. “Halikuingia hivyo.”

Akaeleza. Baba yake alilileta kwa mkokoteni, ubao mmoja mmoja. Akaliunganisha mle mle chumbani kutwa nzima, akiketi sakafuni, na yeye mke wangu akimshikia mbao. Hakutumia msumari. Ni vijiti vya mti tu, vikigongwa kwenye matundu. Mimi nilikuwa ghalani. Nilirudi jioni nikalikuta limesimama, nikaligonga, nikasema hiki ndicho kitu.

Nikamuuliza kupitia upenyo kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema hukuniuliza. Kila mgeni aliyekuja, wewe ndiye uliyemwonyesha kabati.

Akatuelekeza vijiti vilipo. Tukavigonga kutoka chini, kimoja kimoja, na lile kabati zito lisilolegea likaanza kuachia. Paa likatoka. Ubavu ukatoka. Upande wa ndani wa mbao baba mkwe aliandika kwa penseli: kulia, kushoto, juu. Mahali fulani alichora mshale.

Kinyozi aliutazama ule mshale. Akanitazama mimi. Akarudi kugonga vijiti, na hilo ndilo lililoniuma, maana nilikuwa nimeshajiandaa kujibu.

Mke wangu akatoka akapita juu ya mbao. Akasema tusilisimamishe tena kwa sasa. Chumba kimepata hewa.

Jumapili, 14 Juni

Mbao zimeegemea ukuta wa ukumbi, moja baada ya nyingine. Nimekaa nazo asubuhi nzima.

Nimekuwa nikisema kabati hili limedumu kwa sababu ya mbao. Leo nimejaribu kukumbuka vizuri. Mke wangu alilipaka mafuta kila mwaka. Alikunja karatasi akaiweka chini ya mguu mmoja sakafu ilipobonyea. Aliwakataza watoto kubembea kwenye milango, na Binti alichapwa kwa hilo. Wakati wa mvua alilisogeza mbali na ukuta unaotoa unyevu. Mimi nililigonga na kulisifu. Huenda hata la maranda lingedumu katika mikono ile. Na huenda hili la mti lingeoza katika yangu.

Halafu kuna jambo jingine. Kabati hili lilidumu kwa sababu sisi hatukwenda popote. Binti atahama tena. Kazi itamhamisha, ndoa itamhamisha, au ataamka siku moja apende mtaa mwingine. Kitu kinachodumu mahali pamoja kinamsaidia nini mtu aliye safarini? Alinunua kinachofunguka. Bei yake ilikuwa ndogo, lakini hilo si kosa, alinunua kwa mshahara wake wa kwanza na hakuomba mtu.

Nimeyasoma tena niliyoandika. Sijayapenda, lakini sioni pa kuyapinga.

Binti alikuja mchana. Hakupiga simu kwanza. Alimsalimia mama yake, akanisalimia mimi, akaanza kutembea kati ya mbao akizigusa. Aliuliza mwandiko ni wa nani. Nikamwambia ni wa babu yake. Akasoma: kulia, kushoto, juu. Akacheka mpaka akaketi chini. “Kumbe Babu naye alikuwa mtu wa maboksi.”

Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba alipoambiwa habari za bolti alilala sakafuni usiku ule, ingawa kabati lilikuwa limeshakazwa. Nikasema nisamehe, mwanangu. Nilikuwa na maelezo mengi na sikuyatoa.

Akaniuliza niliogopa nini hasa. Nikasema niliogopa kabati lisidumu. Akasema hilo si swali alilouliza. Nikasema nyumba imekuwa kimya. Chumba chake nakipita nikikohoa, kama zamani nilipokuwa namwamsha, na hakuna anayejibu.

Akaniegemea begani. “Baba, mimi nitakuja tu. Hata bila kabati.”

Alipoondoka aliomba ubao mmoja, ule mfupi wa rafu, auweke ukutani juu ya meza atakayonunua. Mmoja tu, akasisitiza, chumba ni kidogo. Nikasema nitaupeleka mwenyewe. Mke wangu akanitaka niahidi mbele yao wote wawili kwamba baada ya hapo chumba cha Binti nitamwachia Binti.

Nimeahidi. Niliahidi kwa dhati, na nilipokuwa nikiahidi sikuwa na wazo lolote.

Jumapili, 21 Juni

Nimepeleka rafu. Nimeifunga ukutani, imekaa sawa kabisa, na ubao wa babu yake umependeza pale kuliko ulivyopata kupendeza kwetu. Binti alipanga juu yake vitabu vyake na kikombe. Mwenye nyumba alikuja kuikagua, akaitikisa, akaniita fundi. Tulikula pamoja. Binti alinishukuru na kuniambia sasa imetosha, safari ijayo nije mikono mitupu.

Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha aliposema hivyo. Na bila kukusudia nikaona kuwa kati ya dirisha na mlango kuna nafasi ya wazi. Kwa jicho la mtunza ghala, ni upana wa kabati letu, na kidogo zaidi.

Sisemi kitu. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuhitaji ubao wa kuwekea viatu. Wiki nyingine akahitaji wa kupigia pasi. Mlango mmoja ukilazwa juu ya matofali ni meza nzuri sana, na meza bado hajanunua. Ubavu unaweza kusimama nyuma ya pazia, haumsumbui mtu. Ubao mmoja kila Jumapili, mikono ikiwa karibu mitupu. Hatashtuka. Siku atakaposhtuka patakuwa pamebaki vijiti tu, na vijiti vinaenea mfukoni.

Jumapili ijayo nitaanza na mlango wa kushoto. Nimeshautoa ukumbini nikauviringishia blanketi, ukangoje chini. Mke wangu alinikuta nao kwenye kona ya ngazi, nikihangaika kuupitisha. Aliuliza unakwenda wapi. Nikasema ninautoa nje upate upepo.

Aliutazama, akanitazama. Kisha akashika upande wa pili, akaniambia niinamishe kidogo kulia, na ukapita.